Aliyekoroga Aonje Kwanza

Nyumba ya Rosina pale Mazwi, Sumbawanga, ilikuwa na mlango wa mbele, mlango wa uani, na mdomo wa Rosina mwenyewe. Na katika hiyo mitatu, ni miwili tu iliyowahi kufungwa. Ndivyo majirani walivyosema, na walisema hayo wakiwa wamejaa kwenye makochi ya Rosina huyohuyo, wanakunywa chai yake, wanasubiri awape habari za mji. Nani kahamia Malangali bila kuaga, nani kaezeka banda la kuku bati jipya na nyumba ya mama yake inavuja, padre gani anahamishwa: yote yalipita pale kwanza, ndipo yakaenda sokoni.

Lucia, mke wa Jastin, mtoto mkubwa wa Rosina, aliipenda nyumba ile. Yeye alilelewa na bibi asiyetaka wageni; kwao hata mbwa alibweka kwa adabu. Alipoolewa akaletwa Mazwi, alilala usiku wa kwanza akisikia watu sebuleni wanacheka, akamuuliza mumewe, "Jamani, hawa hawaendi kwao?" Jastin akamjibu, "Kwao ndiyo hapa." Mwaka haujaisha, ikawa nyumba ikinyamaza kidogo tu, Lucia ndiye anayechungulia mlangoni kuuliza kulikoni.

Ila kulikuwa na jambo moja.

Mimba yake ya kwanza, Rosina aliitangaza asubuhi ileile aliyoambiwa. Hakuitangaza kwa ubaya. Furaha ilimfurikia, kama maziwa yanavyofurika sufuria ukigeuza shingo tu. Mimba ilipotoka, wale wote waliokuwa wamepongeza ikabidi warudi kutoa pole. Muuza nyanya alimshika Lucia mkono akalia naye mbele ya wateja. Mtu alimpa pole kwenye mstari wa kupeleka sadaka. Ya pili nayo ikawa vilevile: tangazo, pongezi, pole. Rosina ndiye aliyelia kuliko wote, chakula kikamshinda, hadi Lucia, mwenye msiba, akajikuta ndiye anayembembeleza mama mkwe anywe uji.

Basi hii ya tatu, yeye na Jastin walikubaliana kwa kunong'ona: asijue mtu, mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Lucia hakuogopa macho ya watu. Aliogopa pole zao. Alikuwa hana tena mahali pa kuziweka.

Na siri ingekaa vizuri tu, kama si ile chupa ya Edwin.

Edwin alikuwa mdogo wake Jastin, kijana wa kuvusha bidhaa kati ya Sumbawanga na Mbala, ng'ambo ya mpaka. Safari moja alirudi na zawadi kwa mama yake: chupa ya vodka, ya kioo cheupe kama maji ya baraka. Rosina hakujua kinachofanywa na kitu kile, lakini uzuri wake aliuona. Akaiweka juu ya kabati, kwenye kitambaa chake cha kufuma, kati ya picha ya harusi na sanamu ya Bikira Maria. Tangu hapo kila aliyeingia alionyeshwa chupa, na kila aliyeonyeshwa chupa alipewa na maelezo.

"Unamwona mkwe wangu huyu? Kabla hajaja huku alikaa kaunta, hoteli kubwa, Mbeya. Wageni wakitaka kinywaji, hawafungui chupa tu kama sisi. Anawakorogea! Kinywaji kinakorogwa kama dawa, kinapambwa kama bibi harusi. Ngojeni, siku moja mtakunywa."

Siku moja ikafika. Kaka yake Rosina, Mjomba Isdori wa Msanzi, alituma salamu kwamba Jumapili anakuja kuleta maharage na kusalimia. Rosina akapiga makofi. "Mama we! Jumapili Lucia atatukorogea."

Lucia alikuwa anachambua mchele. Mikono ilisimama.

Shida haikuwa kukoroga. Kukoroga alikupenda, na mikono ilishaanza kuwasha kwa hamu. Shida ilikuwa Mjomba Isdori. Kwa watu wa nyumba ile, kama kwa wengi kule uwandani Ufipa, pombe haimfikii mgeni kabla ya aliyeitengeneza kuinywa mwenyewe mbele ya macho yake. Anayepika pombe ya ulezi huchota, hunywa, watu wakaona koo limepanda na kushuka, ndipo wazee wanapewa. Wengine siku hizi wanalegeza. Mjomba Isdori hakulegeza. Kuna harusi moja kule Msanzi alikataa kugusa kikombe mpaka bibi mmoja, aliyepika ile pombe akaenda kujilaza kwa kuumwa mgongo, akaamshwa, akaletwa na shuka lake, akaonja. Ndipo Mjomba akasema, "Sasa tunaweza kufurahi."

Na kliniki walimwambia Lucia, safari hii, hata tone.

"Sema unatumia dawa," Jastin alimnong'oneza jioni ile, wakiwa uani wanaanua nguo.

"Mwanamke aliyeolewa akisema hapa Mazwi kwamba anatumia dawa, kabla hajakaa chini wameshamfumia mtoto kofia."

"Sema tumbo linauma."

"Jastin! Tumbo?"

"Basi sema umeokoka."

"Kwa mama yako? Mwenye vitenge vya akina mama Wakatoliki, WAWATA, sanduku zima? Afadhali niseme nimeua mtu."

Jastin alifikiri huku ameshika soksi. "Sema hupendi vodka."

"Na aliyekaa kaunta miaka yote ile alikuwa nani, pacha wangu?" Lucia akacheka, akampokonya soksi. "Niachie mimi. Nina akili yangu."

Akili yake ilikuwa hivi. Atatengeneza ile nyekundu. Kule Mbeya walikuwa na jina lake la Kizungu, na Lucia alipomweleza Rosina kwamba maana yake ni kama Maria mwenye damu, Rosina aliitazama sanamu kabatini, akajipiga ishara ya msalaba. "Humu ndani hatuiiti hivyo. Iite Nyekundu." Nyekundu basi ni nyanya zilizosagwa zikachujwa, limau, chumvi, pilipili, pilipili manga, na sosi moja nyeusi ya kwenye kichupa, vodka inaingia mwisho. Na vodka haina rangi wala harufu ya kumshitaki mtu. Lucia ataonja mapema, jikoni, watu wakiona, nyanya zikiwa nyanya tu. Atasifia, atajilamba, kisha ndiyo amimine vodka. Nani atakumbuka kilichotangulia?

Jumapili iliamka na baridi ya Ufipa, ile ya Julai inayomfanya mtu aoge uso tu na kumwachia Mungu mengine. Baada ya misa jiko lilijaa. Coleta, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke anayeuza dagaa sokoni na kunukia dagaa hata akiwa na gauni la kanisani, alileta blenda yake, na hakuondoka, si nayo wala bila yake. Akavuta kigoda akakaa katikati ya njia.

"Endelea, mwalimu," alimwambia Lucia. "Na sisi tuelimike."

Nyanya walizitia maji ya moto, zikavua maganda kama watu wanaovua makoti. Coleta akasaga. Rosina akachuja kwa chujio la chai, na lilipoziba akachuja kwa kitambaa cheupe, mikono miwili inakamua, mdomo haukosi la kusema. Lucia akapima kwa jicho: limau, chumvi, pilipili kidogo, tena kidogo. Kinywaji hiki kwa kawaida ni cha glasi moja, mtu mmoja. Lakini nyumba ya Rosina haikuwahi kujua kitu cha mtu mmoja. Habari zilishatoka, watu walishaanza kuingia uani wanajifanya wanapita, na Nyekundu ikahama kutoka jagi kwenda ndoo ndogo yenye mfuniko.

"Barafu?" Coleta aliuliza.

"Hoteli tunaweka."

"Hapa tukiweka barafu Mjomba ataomba blanketi," Rosina akasema, wote wakakubali kwamba ndoo ikikaa nje ya mlango inatosha.

Lucia akachota kijiko, akanyanyua kichwa ili waone, akaonja. Ilikuwa tamu kweli: kali, chachu, mdomo unaamka. "Mmh!" akasema kwa sauti ya kufika barabarani. "Hii nimeipata. Imebaki ile sosi tu, na sosi yenyewe huku sijaiona."

"Sosi gani?" Coleta akauliza.

"Nyeusi. Ina siki, ina viungo. Na samaki wadogowadogo, wameloekwa."

"Samaki wadogo?"

"Ndiyo. Lakini si lazima, mama. Hata bila hiyo inanyweka."

Lucia akaenda kubadilisha nguo, mgeni asimkute na kanga yenye nyanya. Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu huwezi kumwambia muuza dagaa kwamba chakula kimekosa samaki wadogo halafu ukampa mgongo. Aliporudi, Coleta alikuwa anafunika ndoo, amesimama wima kama aliyetoka kupokea Komunyo.

"Nimekumalizia," akasema. "Nilichemsha dagaa wa Kasanga, nikachuja supu, nikatia. Ya kutosha. Mambo ya hoteli, tuseme nini!"

Lucia alifunua mfuniko. Harufu ikampanda puani, ikashuka tumboni, ikagonga mlango. Tangu mwezi wa pili wa hali yake alikuwa hawezi dagaa; alikuwa anawaona mezani anazunguka upande wa pili. Akafunika haraka, akameza mate, akameza tena.

"Vipi?" Coleta akauliza.

"Nzuri. Imekuwa... nzuri."

Kutoka dirishani Rosina aliwatazama wote wawili, kisha akaendelea kupanga vikombe. Hakusema neno. Lucia angekuwa ametulia angeshangaa, maana Rosina kutosema neno kulikuwa kama jogoo kupitwa na alfajiri.

Mjomba Isdori aliingia na gunia la maharage na koti la sufi lililofungwa vifungo mpaka kooni. Watu wakampisha kochi la katikati.

"Shikamoo, Mjomba," Lucia akapiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo? Wazima? Nasikia leo nakunywa za hoteli."

"Karibu, Mjomba."

"Nimekaribia tangu Msanzi."

Wakacheka. Sebule ilijaa, wengine walikaa kwenye mikono ya makochi, wengine juu ya gunia la maharage lenyewe. Kwenye baraza nje baiskeli ya nyumba ilikuwa imeegeshwa, inang'aa, imetoka kwa fundi tena. Tangu Pentekoste baiskeli ile ilikuwa mgonjwa wa kudumu: leo mnyororo, kesho breki, keshokutwa spoku. Rosina aliipeleka mwenyewe kwa Clemens, fundi wa pale njia panda, mjane kama yeye, mzee mkimya ambaye mteja akimsalimia alijibu kwa kutikisa spana. Lucia alikuwa ameliona hilo la baiskeli. Alifikiri ni ubovu wa baiskeli.

Ndoo ikaletwa mezani. Rosina akaiteremsha chupa kutoka kabatini, akaipangusa, akampa Lucia, na chumba kizima kikasogea kuangalia. Lucia akamimina. Vodka iliingia kimya, ikazama, kama haijawahi kuwako. Akakoroga kwa upawa mrefu, mzunguko mpana, mgongo umenyooka. Kwa muda ule mfupi alikuwa amerudi Mbeya, nyuma ya kaunta yake, na alijua kwamba anapendeza. Jastin alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama vile alivyomtazama siku ya kwanza alipoingia hotelini kuuliza njia ya stendi na kusahau alichokuwa anauliza.

Akajaza glasi ya kwanza, akatia kijiti cha karoti ukingoni, akampelekea Mjomba kwa mikono miwili.

Mjomba Isdori akaitazama glasi. Hakuipokea.

"Nyekundu kweli," akasema. "Haya. Kunywa tuone."

"Nimeshaonja, Mjomba. Kule jikoni. Hata Mama Coleta ni shahidi."

"Ni kweli, kaonja," Coleta akasema. "Ila ilikuwa kabla ya dagaa."

"Na kabla ya ile chupa," akasema mtu mmoja wa kwenye gunia.

Mjomba akacheka polepole, bila ugomvi wowote. "Basi umeonja mchuzi, mwanangu. Pombe hujaonja. Aliyekoroga aonje kwanza, ndipo tufurahi."

Glasi ilikuwa imerudi chini ya pua ya Lucia. Ile harufu ya Kasanga ikampanda tena, sasa imevaa na limau. Akafunga midomo. Jastin akaanza kusema, "Mjomba, unajua Lucia juzijuzi ame..." kisha akaona macho ya mkewe, akamalizia, "...ame... amekoroga sana," na kunyamaza kama taa iliyokatika umeme.

"Kwani una nini, Lucia?" Coleta aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshabadilika, ilikuwa imekaa wima. "Mbona umeshika mdomo?"

Macho yakaja. Yote. Lucia alikuwa anayajua macho yale, alishawahi kuyaona mara mbili: yanaanzia usoni, yanateremka polepole, yanatua kwenye mshipi wa kanga. Akaona pongezi zinapanga mstari. Nyuma ya pongezi akaona na wale wengine, na mikono yao, na muuza nyanya.

"Lete hapa!"

Rosina alikuwa amesimama. Akamnyang'anya Lucia glasi, karoti ikaruka.

"Nani kawaambia huyu ndiye aliyekoroga? Aliyekamua nyanya nani? Mimi, vidole hivi hapa bado vyekundu. Aliyechuja nani? Huyu mtoto kazi yake ilikuwa kusema tu tia hiki, tia kile, kama mganga kwenye redio." Akainua glasi, akanywa. Watu wakaona koo linapanda na kushuka. Akafumba jicho moja. Akabaki amelifumba muda. "Yesu na Maria," akasema taratibu. Kisha akanywa tena.

"Sawa, mdogo wangu," Mjomba akasema, "wewe tumekuona. Lakini mwenye ujuzi ni yeye. Naye anywe kidogo tu, adabu itimie."

"Eeh, anywe," Coleta akaunga, bado anaangalia mshipi wa kanga. "Au kuna jambo, shoga yangu? Kama kuna jambo si utuambie. Sisi si ndugu?"

Rosina akawatazama watu wake. Lucia alimwona anavuta pumzi, na alikuwa anaijua ile pumzi. Ilikuwa ndiyo pumzi ya kumwaga habari. Lucia akafumba macho.

"Lipo," Rosina akasema. "Jambo lipo. Nilikuwa nangoja nipate kitu cha kuniwasha kifua ndiyo niseme. Clemens ameniposa."

Hata wa kwenye gunia waliacha kunong'onezana.

"Clemens yupi?" Mjomba akauliza.

"Clemens fundi baiskeli."

"Ndiyo maana ile baiskeli haiponi!" Coleta akapiga yowe, akaruka, kigoda kikaanguka, na nyumba ikalipuka. Kila mtu akawa anasema, hakuna anayesikiliza. Lini? Alisemaje? Yule bubu? Alipata wapi maneno? Mtu akatoka mbio nje kuitazama baiskeli kana kwamba nayo ilikuwa na ya kueleza. Jastin, ambaye mama yake mzazi ndiye anayeposwa, alikuwa mdomo wazi, na kwake hakukuwa na uigizaji wowote.

Hakuna aliyekuwa anamtazama Lucia. Angeweza kuvaa kichwa cha ng'ombe wasimwone. Aliteleza mpaka dirishani, akaegemea, akavuta ile hewa baridi mpaka tumbo likakubali kukaa chini.

Ila Mjomba Isdori hakuwa anacheka. Alikuwa amefungua kifungo cha juu cha koti, jambo asilolifanya.

"Rosina," akasema, na kelele zikapungua pote. "Mimi ndiye kaka yako. Baba hayupo. Jambo kama hili nalisikia leo, mbele ya watu, pamoja na wapitanjia?"

Rosina alishusha kichwa. Lucia alimwona mama mkwe wake akiwa mdogo ghafla, msichana wa Msanzi aliyekosea nyumbani kwao. "Nisamehe, kaka. Nilipanga nije mwenyewe, tukishamaliza mavuno, nikae na wewe vizuri. Limenitoka."

"Limekutoka."

"Unanijua mdomo wangu."

Mjomba akamtazama. Akamtazama pia Lucia pale dirishani, mara moja, akarudisha macho. Sijui aliona nini, wazee hawasemi. "Naujua," akajibu. "Tangu ukiwa wa kubebwa. Na umemjibu nini huyo Clemens?"

"Nimemwambia ninafikiri."

"Unafikiri nini, baiskeli imeshapona!" Coleta akapiga kelele, na kicheko kikarudi, na Mjomba mwenyewe, huku amenuna, akanyoosha mkono. Rosina akampa glasi. Akanywa. Akaanza kutafuna, ingawa kilikuwa kinywaji.

"Hii ina dagaa," akasema.

"Wa Kasanga," Coleta akasema kwa fahari.

Mjomba akanywa tena, sasa kwa ndefu. Akapangusa masharubu. "Hawa wazungu kumbe wana akili. Hii ni pombe na mboga humohumo. Rosina, hapa hakuna ugali?"

Ugali ukasongwa. Ndoo ikaisha, watu wakakomba na kuta zake, wengine kwa matonge. Kila mwaka kule hotelini walikuwapo wageni waliolipa kunywa Nyekundu iliyo sahihi, glasi ndefu, barafu, sosi yake, na hakuna hata mmoja ambaye Lucia aliwahi kumwona anaomba ugali.

Jua lilipoanza kushuka, wageni bado wamejaa, Lucia alikuwa jikoni anakusanya vikombe. Rosina akaingia. Akafanya kitu ambacho Lucia hakuwahi kumwona anakifanya: akafunga mlango wa jiko, akasukuma na komeo.

Akainama nyuma ya ndoo ya unga. Akatoa kikombe kilichofunikwa kwa kisahani.

"Kunywa," akasema. "Hiyo niliichota mapema. Kabla ya Coleta na kabla ya chupa."

Lucia akafunua. Nyanya tupu, limau, pilipili, chumvi. Hakunywa. Alikuwa anamtazama mama mkwe wake. "Mama..."

"Sijasema kitu."

"Umejua tangu lini?"

"Nimejua nini? Mimi sijui kitu." Rosina akaanza kupangusa meza safi. "Ila mtu aliyekuwa ananimalizia dagaa wangu wote, akaanza kuwazunguka mezani kama kaona nyoka... Pentekoste ilikuwa. Nilimwona."

Pentekoste! Wakati huo Lucia mwenyewe alikuwa hajaenda kupima. Hata Jastin alikuwa hajui. "Na hujamwambia mtu? Wewe, Mama?"

Kitambaa kikasimama. "Nilijaribu. Nilimwambia Bikira Maria pale kabatini, nikaona bado linanipanda. Nikiingia sokoni nauma ulimi. Nikienda bombani nauma ulimi. Nikasema nitapasuka, na nikipasuka ni yaleyale, watamjia mtoto wangu tena na mapole yao." Akashusha sauti. "Nikachukua spana, nikalegeza mnyororo wa baiskeli, nikaipeleka kwa Clemens. Yule hana wa kumwambia. Nikamwambia yeye. Akatikisa kichwa tu, akakaza mnyororo. Kesho yake nikaona lingine limenijaa, nikaharibu breki."

Lucia alianza kucheka bila sauti, machozi yanamtoka.

"Usicheke. Mwanaume anakusikiliza wiki baada ya wiki, hajibu, hajaenda kusema popote. Sikujua kama wapo. Mara siku moja naye akafungua mdomo, na alipofungua, ndiyo hayo." Rosina akatazama mikono yake, bado myekundu. "Nilitaka nikae nalo kidogo, lile la Clemens. Lilikuwa langu. Sikuwahi kuwa na langu."

"Na umelitoa."

"Walikuwa na njaa, mwanangu. Ningewapa nini kingine?"

Lucia akamshika. Walisimama hivyo kati ya ndoo ya unga na sufuria la ugali, mama mkwe ananukia limau na dagaa, na ajabu, tumbo halikusema kitu.

"Mjomba amekasirika," Lucia akasema.

"Atanuna mpaka kesho, chai ya asubuhi. Kisha atataka kumwona Clemens. Kisha ataleta baiskeli yake." Mlango ukagongwa kwa kiganja kizima.

"Rosina!" Ilikuwa Coleta. "Unajifungia na nani? Toka umalizie! Aliposema hilo neno alikuwa amekaa au amesimama?"

"Nakuja!" Rosina akajibu, akijifuta macho kwa pindo la kanga. Akavuta kigoda, akamshika Lucia mabega, akamkalisha. "Kaa hapo. Kunywa taratibu. Vyombo nitaosha mimi."

Akatoka, akaurudishia mlango nyuma yake.

Lucia akanywa. Ilikuwa bado baridi, chachu, kali kidogo ncha ya ulimi, vilevile alivyoipima. Nje sauti ya Rosina ilishapanda, imejaa chumvi yake yote, na watu walishanyamaza kumsikiliza.

"Alikuwa amekaa," alikuwa anasema, "lakini juu ya tairi, na tairi lenyewe halina upepo."